Marashi ya Dereva wa Mikumi

Siku ya kutolewa uvimbe shingoni nilijipaka marashi mara mbili: nyumbani Mabwerebwere, na tena chooni hospitali, baada ya nesi kuniogesha na kunionya nisijipake kitu. Niliyanunua Mikumi kwa dereva wa lori. Nilipofungua kizibo tu, nyani wa barabarani walihamia Kidodi.

Sababu ni Mudathir, mtaalamu wa dawa za usingizi pale hospitali. Miaka thelathini na tano iliyopita alimposa mke wangu, Sikuzani, kabla yangu, akakataliwa. Sasa asubuhi ile mke wangu ananiambia, "Afadhali Mudathir yupo. Yule ana mikono mitulivu." Mimi nimeendesha treni maisha yangu yote, mikono yangu hajawahi kuitaja.

"Shikamoo, kaka," Mudathir alinisalimu nikiwa mezani.

"Marahaba." Niliivuta mpaka ikachoka.

Akaniwekea oksijeni usoni. Nikachomwa ganzi, na Daktari Verdiana akashika kile kisu cha umeme. Mudathir akanusa.

"Daktari, subiri." Akafunga oksijeni, akainamia ndevu zangu. "Kaka, umejipaka nini?"

"Jasho hilo."

"Jasho la karafuu?" Hakucheka. "Haya yana spiriti, na hayajakauka. Oksijeni imejaa kwenye ndevu, kisu kinatoa cheche. Ungewaka hapahapa. Nani kakupaka? Shemeji?"

Sikuzani alikuwa benchi la nje. Ningesema ndiyo, angeitwa agombezwe mbele ya mtu huyu. Ulimi ulishaanza safari, nikaurudisha.

"Nimejipaka mwenyewe. Nilitaka akituona wote wawili, aninuse mimi."

Daktari aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Wakaniosha, wakabadilisha mashuka, wakanyoa ndevu za miaka kumi na miwili, wakasubiri shingo ikauke kabisa. Mudathir ndiye aliyenishika kichwa. Mikono yake ni mitulivu kweli, mshenzi yule.

Nyumbani nilimweleza Sikuzani kwamba moto uliruka kutoka kwenye kisu mpaka darini, ukala ndevu, nami nikauzima kwa pumzi moja. Mudathir alipokuja kuniangalia kidonda, mke wangu akamuuliza kama ni kweli.

Aliniangalia kidevu. Nikaacha kutafuna muhogo.

"Mumeo ana pumzi, shemeji," akasema.

Sikuzani akamimina chai. Kikombe cha kwanza akampa yeye, nami nikangoja changu, nikipapasa kidevu changu cheupe.