Matofali 10,007

Mkubwa wa kiwanda chetu hajawahi kubeba tofali hata moja, ndiyo maana anayapenda sana. Asubuhi alitoka ofisini, tumbo limemtangulia, akatangaza kwamba kesho anakuja mkaguzi. Matofali yote ya uani yapangwe kwa mistari iliyo sawa, lisibaki hata moja.

"Na hatoki mtu hapa mpaka mistari ilingane!"

 Jioni ile watu wa mchumba wa binti yangu walikuwa wanakuja kwangu. Mama yake binti alifariki, Mungu amrehemu, kwa njoo-kesho za wakubwa wa hospitali wa aina hii hii. Nisipokuwepo na mimi, wageni wangesema binti hana kwao.

Tukapanga mistari miwili, likabaki tofali moja. Tukavunja, tukapanga mitatu, yakabaki mawili, na mgongo wangu ukabaki huko huko. Karani akaanza kupiga hesabu kwenye mfuko wa saruji. Mitano, yanabaki mawili. Saba, manne. Kumi na mmoja, manane.

"Bosi," akasema, "elfu kumi, na saba juu yake, ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Imekataa?"

"Imekataa."

"Nani kaipa ruhusa?"

"Tuyatoe hayo saba," nikasema, "tupange mia kwa mia, kila mtu aende kwake."

"Yameshaandikwa, mzee! Unataka nifungwe?"

Nikamgeukia karani. "Kwa moja si umesema inagawanyika?"

"Kwa moja hakuna namba inayokataa, mzee wangu."

"Basi mstari mmoja."

Mkubwa akafikiri, kazi ambayo kwake ni kama kupanda mlima na gunia. "Huo mmoja utalingana na nani?"

"Na wenyewe. Hauna mpinzani."

"Anzeni!"

Uwanja ukaisha mapema. Mlinzi akafungua geti, amri ni amri. Kamba ya kunyooshea mstari nilikuwa nayo mimi, na mwenye kamba ndiye mwenye njia. Nikaivuta kushoto, nikapita kwa kinyozi, nikakata kona ya shule, mikokoteni nyuma yangu, wenzangu wakicheka hadi wanayaangusha.

"Mnajenga ukuta wa kuzuia sisimizi?" mama mmoja akatupigia kelele.

"Muulize mkubwa!"

Tofali la mwisho nilililaza mlangoni kwangu, wageni ndio kwanza wanavua viatu. Nikanawa mikono, nikakaa mahali pa baba.

Hatujamaliza salamu, mkubwa huyo, kaufuata mstari akiuhesabu kwa kidole, jasho linamtiririka. Mshenga akamsogezea kiti upesi.

"Karibu, karibu! Wewe bila shaka ndiye mjomba wa binti."

Pumzi hana. Akakaa.

"Haya mjomba, upande wa mama mnasemaje? Mmeridhia?"

Akanitazama. Nikamkazia macho. Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, na vigelegele vikapigwa.

Tangu aniajiri, hilo ndilo jambo la kwanza la maana alilonifanyia.