Nilichomwambia Hakimu

Mama yangu ana silaha moja tu, na ameinoa kwa miaka thelathini na minne. Ukimwomba chumvi, ukimwambia viatu vyake vimechakaa, ukibishana naye kidogo tu kama mvua itanyesha au haitanyesha, anakukata jicho na kusema: "Kamuulize baba yako. Si ndiye uliyemchagua?"

Baba mwenyewe alishafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo hapo hakuna wa kuulizwa.

Habari yenyewe ni hii. Wazazi wangu walipoachana nilikuwa na miaka sita. Waligombania malezi yangu mahakamani, na hakimu akaniita ofisini kwake peke yangu, akaniuliza nataka kukaa na nani. Inasemekana nilijibu: kwa baba. Mimi sikumbuki hata mlango wa ofisi hiyo ulikuwa upande gani. Ninachojua ni kwamba nililelewa na baba, na kwa mama nikawa mtu wa likizo.

Maneno ya mama niliyazoea, kama mtu anavyozoea kiti chenye msumari. Lakini mwezi uliopita aliteleza bafuni, mara ya pili mwaka huu, na safari hii mkono ukavunjika. Daktari akasema asikae tena peke yake. Nikapaka rangi chumba cha mbele, nikanunua kitanda kifupi cha kupanda bila taabu, nikaenda kumchukua. Mama akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mimi sihamii kwa mtu aliyenikataa mbele ya hakimu," akasema. Na hakuwa anatania.

Nililia njia nzima ya kurudi. Ila mimi ni mwalimu wa udereva; kazi yangu ni kupiga kelele nikiwa nimefunga mkanda, na huzuni kwangu haimalizi nusu saa kabla ya kugeuka hasira. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshakata shauri. Nitakwenda mahakamani nilisome hilo jibu langu kwa macho yangu. Kama kweli nilimkataa, nimwombe radhi nikijua naomba radhi ya nini. Kama sikumkataa, atafungasha, atake asitake.

Mahakama yetu iko mwisho wa barabara ya vumbi, baada ya ghala la mahindi. Masjala, yaani pale majalada yanapotunzwa, ni chumba cha nyuma chenye kidirisha cha mbao. Nikainama dirishani, nikatoa salamu, nikainua macho. Karani wa masjala alikuwa mwanafunzi wangu. Tena si mwanafunzi hivi hivi: ni yule niliyemwambia mbele ya wenzake wote kwamba mbuzi aliyefungwa kamba angerudisha gari nyuma vizuri kuliko yeye.

"Mwalimu!" akasema, uso umemchanua. "Karibu sana. Leo zamu yako kufundishwa."

Nikamweleza shida yangu. "Nitolee tu hilo jalada haraka haraka," nikasema. "Nataka kuona mstari mmoja, basi."

"Haraka haraka?" Akaweka kalamu chini. "Kiti kwanza, mwalimu. Halafu mkanda. Halafu vioo. Ndipo ufunguo."

Hayo ni maneno yangu, na hata sauti ilikuwa yangu. Nikashika ukingo wa dirisha nisije nikasema kitu. Karani akaendelea, sasa kikazi: majalada ya watoto hayafunguliwi kwa kila mpita njia. Anaruhusiwa mzazi au mtoto mwenyewe, kwa barua ya maombi, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, na hakimu lazima aidhinishe.

"Mtoto mwenyewe ndiye mimi," nikasema.

"Mtoto alete cheti."

Mtoto wa miaka arobaini akaenda kupekua sanduku la marehemu baba mpaka akakipata cheti, pembe moja imeliwa na panya. Siku tatu baadaye nilirudi na kila kitu, pamoja na saini ya hakimu. Karani alisoma karatasi zote kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa, kisha akanifungulia mlango na kunipa benchi.

Rejesta ya mwaka ule ilikuwa daftari pana kama meza, na mwishoni majina yamepangwa kwa herufi. Tukatafuta jina la baba. Halipo. Tukachukua ya mwaka uliofuata. Halipo. Ya mwaka uliotangulia, patupu. Hapo nikasimama.

"Mmelipoteza! Semeni tu mmelipoteza, msinizungushe hapa kama mzunguko wa barabarani!"

Karani hakuondoa kidole kwenye karatasi. "Mwalimu, umetazama kioo kimoja. Kwa nini tunatafuta jina la baba?"

"Kwa sababu ndiye aliyeshinda."

"Sisi hatuandiki jina la aliyeshinda. Tunaandika la aliyeleta maombi. Siku ya kufungua jalada, nani anajua atakayeshinda?"

Nikakaa. Maisha yangu yote niliamini kwamba baba ndiye aliyekwenda mahakamani, na mama akaitwa tu kuja kusikiliza. Tukarudi kwenye rejesta ya kwanza, tukashuka hadi kwenye herufi ya mama. Alikuwepo, kwa wino wa buluu uliofifia: mwombaji, mama; mjibu maombi, baba. Kumbe ni yeye aliyepiga mguu mpaka pale kunidai. Na kwa domo lote alilo nalo, hilo hakuwahi kunitamkia.

Jalada lilikuwa jembamba, limefungwa kwa uzi. Juu kabisa uliwekwa uamuzi, ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Nikaukimbiza kwa macho hadi chini: *Mtoto ameieleza mahakama kuwa atakaa kwa baba. Maombi ya mama yamekataliwa.*

"Basi," nikasema. "Ni kweli."

Nikalifunga. Sikutegemea kwamba lingeniuma vile. Nilimwonea haya yule mtoto wa miaka sita kama vile yeye ni mtu mwingine na nimemfumania.

Nikamrudishia karani jalada, hakulipokea.

"Huo ni uamuzi tu. Chini yake kuna mwenendo, yale aliyoandika hakimu kwa mkono watu walipokuwa wakiongea. Wewe uliniangusha mtihani mara mbili kwa kukimbilia alama ya mwisho bila kuangalia barabara. Soma, mwalimu."

Mwandiko wa hakimu ulikuwa wa kukimbia, herufi zimelaliana. Tulisoma wote wawili, vichwa vimegusana, yeye akinisaidia pale nilipokwama. Tukafika kwenye ukurasa wangu. Hakimu aliuliza jina, nikataja. Akauliza umri, nikataja. Akauliza nataka kukaa na nani. Na jibu langu aliliandika lote, neno kwa neno:

*Nitakaa kwa baba mpaka kuku wangu aangue, kisha nitakwenda kwa mama. Bado siku nne.*

Karani alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akatafuta leso.

Yule kuku nilimkumbuka. Mweupe, shingo nyekundu, alilalia mayai kwenye beseni lililovunjika nyuma ya jiko la baba. Na nikakumbuka kitu kingine, ambacho siku zote nilikuwa nacho bila kujua ni cha nini: nimekaa kizingitini asubuhi, mfuko wa nguo magotini, nimevaa viatu. Nilikaa hapo mpaka jua likawa kali. Baba akatoka, akauchukua mfuko taratibu, akasema, "Mahakama imeshasema, mwanangu. Njoo ule." Baba wa watu, naye alisikia kilichosomwa tu.

Karani alitoa nakala ya kurasa zote, akagonga muhuri kila moja kwa nguvu ya mtu anayefunga mjadala.

"Mwalimu, nataka kurudia mtihani," akasema aliponikabidhi.

"Jumatatu saa mbili asubuhi. Na mbuzi sitamtaja."

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama na gari la shule ya udereva, kibao cha mwanafunzi kikiwa bado juu ya paa. Nilimkuta jikoni, mkono wa kulia kwenye bandeji ngumu, wa kushoto ukichochea sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja tena? Nilishakujibu."

"Nimekuletea kitu usome."

Akaona muhuri, uso ukambadilika. "Hiyo naijua. Nilikuwepo ikisomwa."

"Uliusikia uamuzi. Huu ndio mwenendo. Mama, tafadhali, soma hapa tu."

Akavaa miwani kwa mkono mmoja, akanikatalia nilipotaka kumsaidia. Kidole chake kikatembea chini ya mstari, kikafika mwisho, kikarudi mwanzo. Kikatembea tena. Mara ya tatu kikasimama kwenye neno *kisha*, na hapo hakikuondoka.

"Nilikungoja," akasema hatimaye, sauti ndogo. "Wiki nzima niliacha mlango wazi. Nilijua utabadili mawazo."

"Sikuwa na mawazo ya kubadili, mama. Nilikaa na mfuko kizingitini. Hakuna aliyekuja."

Akavua miwani, akajifuta macho kwa kiwiko. Nami nikalia, bila kujificha. Tulilia kama watu wawili waliokosana jana.

"Waliangua wangapi?" akauliza ghafla.

"Nani?"

"Vifaranga, wewe! Umeniweka miaka thelathini na minne kwa ajili yao, nisijue hata idadi?"

"Tisa."

"Kati ya?"

"Kumi na moja."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba tisa si haba. Kisha akafunika sufuria, akaelekeza kidevu kwenye sanduku lililokuwa juu ya kabati.

"Lishushe hilo, ulipanguse. Nitakaa hapa mpaka maharage yaive, kisha nitakwenda kwako."

Nikalishusha sanduku, nikalipangusa. Halafu nikavuta kigoda nikakaa karibu na jiko, na sikutoka hapo mpaka maharage yalipoiva.