Bunduki Iliyoitwa Mdalasini

Alhamisi moja ya mwaka wa sitini na saba, baada ya alasiri, Amur alirudi nyumbani Sidab, pwani ya Maskati, na kifurushi kirefu kilichozungushiwa shuka. Akakiweka mkekani mbele ya mama yake.

"Hii ndiyo dawa ya mbweha wako, mama. Nimeipata Matrah."

Bi Nasriya alikuwa anamnywesha mjukuu wake maziwa kwa kijiko, na hakuacha. Mtoto, Aliya, alikuwa na miezi mitano. Mama yake, Rahila, mke wa Amur, alifariki kabla arubaini ya uzazi haijatimia, na tangu siku hiyo kilichomweka hai kichanga yule ni maziwa ya mbuzi mmoja mweupe aliyeletwa kutoka Bawshar, yakichemshwa na kuzimuliwa maji. Maziwa ya kopo yalimharisha hadi akabaki macho matupu. Kwa hivyo mbuzi yule alitazamwa kama yai.

Sasa palikuwa na mbweha. Alianza na kuku, akawamaliza wote saba, kisha akachukua wana wawili wa mbuzi. Kilichowatia watu hofu ni saa yake ya kuja. Alikuja adhuhuri, jua la utosi, wakati Sidab nzima imefunga milango na imelala, na hata paka hatoki kivulini. Bi Shaikha, mke wa mwenye nyumba, aliyewahi kuolewa Pemba akarudi Omani na Kiswahili chake chote, alilisema wazi: "Mbweha wa usiku ana njaa. Huyu wa mchana, wallahi, mimi sijui ana nini."

Mtoto aliposhiba, Bi Nasriya alimlaza, akanawa mikono, akaifungua ile shuka. Ilikuwa bunduki ndogo, nyepesi, ya kutia risasi moja moja, na risasi zenyewe hazizidi kidole cha mwisho cha mtoto. Akapitisha kiganja kwenye kitako polepole, kama anayempapasa mtu usingizini.

"Siyo yenyewe," alisema. "Lakini ni nduguye."

"Nduguye nani?"

"Mdalasini."

 Jina hilo Amur alikuwa akilisikia tangu mdogo.

Mdalasini ilikuwa bunduki ya kwanza ya Bi Nasriya, na kwa kweli ndiyo pekee aliyowahi kuiita yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, wakikaa shamba, Mwera, Unguja. Baba yake, Mzee Harub, alikuwa ameingiwa na ukungu katika jicho la kulia, na kima walishajua. Walikuwa wakishuka kwenye migomba mchana kweupe, wakila huku wanamtazama. Mzee Harub akainunua bunduki ndogo kwa Mgoa mmoja wa mjini, na badala ya kumpa mwanawe wa kiume, aliyekuwa akiogopa hata mlio wa nazi ikianguka, akampa binti. Mlio wake ulikuwa mdogo na mkavu, sawasawa na kijiti cha mdalasini kinapovunjwa. Ndipo ilipopata jina.

Aliipenda, na hakuona haya kusema. Aliisafisha kwa mafuta ya nazi, ingawa aliambiwa siyo mafuta yake, na siku za joto ilinuka kama mwanamke aliyetoka kuosha nywele. Wasichana wenzake wakimwona anapita nayo walikuwa wakimwimbia: binti Harub kaolewa na bunduki, mahari yake kima kumi. Yeye alikuwa akiwajibu kwamba mume wake angalau hasemi upuuzi. Jioni alikuwa akikaa na baba yake barazani wakitungua vifuniko vya makopo, na kwa karibu namna ile baba, kwa lile jicho lake moja, alikuwa hakosi.

"Nyuma ya sikio," alikuwa akimwambia. "Kama hujaliona sikio, hujaona kitu. Teremsha mtutu."

Na palikuwa na ule mluzi. Risasi ndogo huruka mbali na hugonga jiwe ikarudi, kwa hivyo bunduki ikitolewa wote wa nyumbani waliingia ndani, wakafunga. Baada ya kupiga, awe yeye au binti, Mzee Harub aliokota ganda la risasi, akaliweka chini ya mdomo, akalipuliza. Mluzi mmoja, mrefu: amekufa, tokeni. Miwili, mifupi: kajeruhiwa au hayupo alipo, kaeni ndani. Kima aliyejeruhiwa huuma hadi mfupa. Bibi yake Nasriya alikuwa akinung'unika kwamba mluzi huita majini. "Wa mdomo, mama," Mzee Harub alikuwa akisema. "Wa shaba majini hawaujui." Hakuna mtu wa nyumba ile, mkubwa wala mdogo, aliyepata kuufungua mlango kabla ya kuusikia.

Kisha ukaja mwezi wa kwanza wa mwaka wa sitini na nne. Walifika watu kukusanya bunduki za mashamba. Mzee Harub akaichukua Mdalasini, akailaza juu ya viganja vyake viwili ili waione vizuri, akageuka mlangoni: "Kaeni ndani mpaka mnisikie."

Waliisikia Mdalasini mara moja. Kijiti kikavunjika, huko kwenye migomba. Halafu hakuna kilichofuata. Walikaa ndani siku mbili, watu wazima na akili zao, wakisubiri mluzi, hadi majirani walipowatoa kwa mlango wa nyuma. Maiti haikuonekana. Wala Bi Nasriya hakukaa matanga, wala hakukubali hitima isomwe, si Unguja wala huku Maskati walikoletwa na meli. Amur alimwomba mara tatu.

"Babu hana dua yetu, mama. Miaka inakwenda."

"Alisema tukae mpaka tumsikie," Bi Nasriya alikuwa akimjibu kwa upole uleule kila mara. "Mie sijamsikia, mwanangu."

Jumamosi Amur alirudi kazini kwenye kampuni ya mafuta, akaacha risasi kumi ndani ya kopo. Siku ya pili Bi Shaikha na mumewe walikwenda Matrah mazikoni. Adhuhuri ikaingia. Harufu ya samaki waliokuwa wakikaushwa ilisimama hewani bila upepo wa kuisukuma, na mawe meusi ya mlima nyuma ya nyumba yalitetemeka kwa joto. Bi Nasriya alikuwa dirishani, mtutu juu ya kizingiti, akimtazama mbuzi wake aliyefungwa chini ya banda la makuti uani. Mtoto alikuwa amelala nyuma yake.

Mbweha aliingia kwa pale ukuta ulipobomoka. Hakunyatia. Alikwenda kama mlevi, kichwa upande, kidevu kimelowa, na hakukitafuta kivuli. Alipofika katikati ya ua alisimama juani akaliangalia dirisha moja kwa moja.

Bi Nasriya alilitafuta sikio. Hakuwa tena wa miaka kumi na mitatu, na sikio lilimpotea katika mwanga. Akapiga bismillahi, akapiga na risasi. Sauti ikatoka ileile, kijiti kikavu. Mbweha alianguka, akainuka akiuburura mguu wa nyuma, akapotea upande asiouona. Mbuzi alilia mara moja akanyamaza.

Alivuta komeo la bunduki, ganda likaruka likabiringika sakafuni. Alikwenda mlangoni akahakikisha kitasa kimefungwa, akamchukua mtoto, akaketi mkekani akatulia. Akakaa. Dakika zikapita, jasho linamtiririka, na yeye ametega sikio tu. Hata akashtuka kugundua anachongoja. Akacheka kidogo, peke yake.

"Nasriya, wewe," alijiambia. "Mpigaji si wewe mwenyewe?"

Akamlaza mtoto, akaliokota ganda, akalifuta kwa ncha ya leso. Kwa desturi ilikuwa miwili, kwani mbweha alijeruhiwa tu. Akalileta mdomoni, na kabla pumzi haijatoka, mluzi ukalia nje.

Ulitoka juu, kwenye mawe. Miwili, mifupi.

Nywele za mikono zilimsimama katika joto lile. Aliliangalia ganda lake mkononi, halafu akauangalia mlango. Hakusikia nyayo, wala kokoto kuteleza. Kisha kitu kikaanza kukwaruza mlango kwa chini, kwa subira, kucha baada ya kucha. Penye uwazi wa kizingiti alikiona kivuli, na kitu kikavuta pumzi yenye majimaji, kikaacha utelezi unang'aa sakafuni kwake.

Mbuzi alilia tena. Kilio kile Bi Nasriya hakuweza kukipuuza, kwa sababu bila mbuzi yule hapakuwa na kijiko cha jioni, wala cha kesho. Alitia risasi ya pili. Dirishani hakuona kitu, kwani mlango ulikuwa kwenye ukuta mwingine. Ilibaki kufungua. Angefungua ghafla, apige akiwa karibu. Akaweka mkono juu ya kitasa.

Mluzi ukalia tena. Miwili, na safari hii karibu zaidi, kwa namna ya mtu asiyependa kusema jambo mara mbili.

Aliutoa mkono.

"Nimesikia, baba," alisema.

Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akakaa, akampakata Aliya, na hakuuondoa uso wake mlangoni. Mkwaruzo uliendelea. Mbuzi aliendelea kulia. Hakujua ni muda gani. Jua lililopenya dirishani lilikuwa limehama kutoka mkekani hadi kwenye mtungi. Ndipo alipoisikia. Kijiti cha mdalasini kikavunjika, kule kwenye mawe, mara moja. Mlango ukagongwa na kitu kizito, na kimya kikaja.

Kisha mluzi mmoja, mrefu, ukavutwa hadi mwisho wa pumzi.

Bi Nasriya alifungua. Mbweha alikuwa amelala juu ya kizingiti, povu limemjaa mdomoni, na nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na tundu dogo safi. Mbuzi alikuwa amesimama bandani, anatafuna. Kwenye mawe hapakuwa na mtu. Aliita mara moja, "Baba?", akajifunika macho kwa kiganja kuukinga mwanga. Kilichomjia kilikuwa harufu tu, juu ya ile ya samaki: mafuta ya nazi yaliyopata moto.

Bi Shaikha alirudi alasiri akamkuta ameketi mlangoni, bunduki mapajani. Alimgeuza mbweha kwa fimbo, akarudi nyuma upesi.

"Usimguse. Huyu alikuwa na kichaa cha mbwa, tazama mdomo. Yaa Rabb, Nasriya, ungalitoka akakuuma, nani angekutibu hapa? Na mtoto ungemwachia nani?"

"Sikutoka."

"Akili yako nzuri leo. Umempiga risasi ngapi?"

"Moja."

Bi Shaikha aliinama, akatazama mguu, akatazama sikio. "Mbona mnanifanya mjinga mchana kweupe? Mashimo mawili haya. Nani alikuwepo?"

"Baba yangu."

"Baba yako yupo Maskati?"

Bi Nasriya aliinua macho kuyatazama mawe ya mlimani. Bi Shaikha, aliyekuwa amefungua mdomo kutania, aliufunga, akavuta mtandio wake kichwani, akaanza kusoma kitu kwa sauti ya chini.

Asubuhi yake, kabla mawe hayajapata moto, Bi Nasriya alipanda taratibu hadi mahali ambapo mtu angeweza kuuona mlango wake vizuri. Alitafuta kwa viganja, kwa sababu macho yake nayo yalikuwa yameanza ukungu. Katika ufa wa jiwe alilikuta ganda la risasi. Lilikuwa jeusi kwa ukale, na ndani limejaa udongo mkavu, mwekundu, ule wa kinongo wa mashamba ya Unguja. Sidab haina udongo huo. Sidab ina mawe meusi na mchanga.

Alijaribu kulipuliza. Halikutoa sauti. Hakuuchokonoa ule udongo. Alilifunga katika pindo la leso akashuka nalo.

Alhamisi Amur alipofika, furushi la nguo chafu begani, mama yake alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama. Vipi mbweha?"

"Marahaba. Amekufa. Nnataka uende kwa Mwalimu Mahfoudh, umwambie kesho baada ya Ijumaa tuna hitima. Na halua ununue ya kutosha, watu wasitazamane."

Amur alishusha mzigo. "Hitima ya nani?"

"Ya babu yako."

"Mama, mara tatu nimekuomba..."

"Najua. Nilikuwa sijamsikia."

Alimtazama mama yake usoni, akaona haya kuuliza, akageuka akaenda.

Ijumaa watu walijaa hadi uani, penye kivuli cha banda, na mbuzi mweupe aliwatazama bila wasiwasi. Bi Nasriya alikaa ndani na wanawake, Aliya mapajani, ganda limefungwa kwenye pindo la leso. Juzuu ziliposomwa zikamalizika, Mwalimu Mahfoudh aliinua mikono akaanza kuwataja marehemu kwa majina. Alipofika kwa Harub bin Sleyum, wanawake wote waligeuka kumtazama binti yake, maana walimjua.

Bi Nasriya aliinua viganja vyake viwili, akaviweka wazi mbele yake, akaitikia amin.