Nilisema Nishikie, Sikusema Shika

Costancia alirudi Kisanga na furaha ya bibi, na mtu mwenye furaha ya namna hiyo huwa hana hadhari. Binti yake Upendo, aliyeolewa Berega, alikuwa amejifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, na mtoto wakampa jina la bibi yake. Costancia alikaa huko kipindi kirefu akimpikia mzazi uji, akifua nepi, akimpokonya kila ndoo aliyojaribu kuinua, mpaka siku alipomwona anasimama bila kushika ukuta. Ndipo akapanda basi la Kilosa, akamalizia na pikipiki, vumbi lote la kiangazi likamkaa kichwani na wala asijali. Njia nzima alikuwa akiziwaza nyanya zake.

Maana hapo ndipo alipokuwa akila. Mume alishafariki, na mahindi ya mlimani mwaka ule yalitoka machache, ya kumaliza kabla hata hujayazoea. Kilichobaki ni bondeni. Mto ukishapungua baada ya masika, kamati ya bonde huwagawia wanakijiji vipande kando ya maji, kila mmoja na chake, walime mboga na matunda mpaka mvua zitakaporudi. Sheria ni moja na kila mtu anaijua: kipande kikikauka wiki nzima, anapewa mwingine. Hakuna aliyewahi kuilalamikia, kwa sababu jua la kule halina huruma. Mchicha usipoumwagilia leo, kesho umelala. Kipande cha Costancia kilikuwa karibu na dimbwi lisilokauka, udongo mweusi, na humo alipanda nyanya, bamia, ngogwe, na matikiti machache pembeni. Bila kipande kile, kiangazi chote angeshinda akiomba chumvi kwa watu.

Siku ya kuondoka, simu ya mkwe wake ilikuja alfajiri. Alishuka bondeni mbio, akamkuta Raheli anachota maji. Raheli, mama Frank, alikuwa jirani yake wa nyumba na wa bustani, tuta moja tu likiwatenganisha, na walizoeana hata Upendo akakua akimwita mama mdogo. Costancia alimwambia neno lile lile ambalo watu wa bondeni wameambiana miaka yote: mama Frank, nishikie bustani, mtoto kazidiwa. Raheli akaitikia kwamba aende tu, atashika. Hakukuwa na mtu wa tatu. Na kwa nini awepo? Nani huita mashahidi kwa neno kama hilo? Ni neno unaloweza kumwambia hata usiyemjua kwenye foleni ya zahanati: nishikie mtoto nikachukue dawa. Na hajapata kutokea mtu akarudi na dawa yake akaambiwa mtoto si wako tena.

Basi ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Alishuka bondeni kesho yake asubuhi, akasimama pale juu akitazama. Nyanya zilikuwa zimeanza kuiva, bamia zimesimama, ngogwe zimejaa hadi matawi yameinama. Machozi yalimlengalenga. Raheli alikuwa katikati ya nyanya, anachuma na kupanga kwenye tenga, na Costancia alimsalimia kwa mbwembwe zote, akamsifu, akamwambia kwamba mchumo wa kwanza wote ni wake, jasho lake hilo. Kisha akaweka mfuko chini, akainama achume nyanya moja aionje.

"Mama Upendo, hizo usichume," Raheli alisema.

Costancia alicheka. Walikuwa na utani wao wa miaka, na alidhani ni huo. Akamwuliza kama Berega imemgeuza mgeni hata afukuzwe kwake. Raheli hakucheka. Wala hakuinua uso. Aliendelea kupanga nyanya, zilizoiva chini, mbichi juu, mikono yake ikienda haraka kuliko kazi ilivyotaka.

"Ulisema shika," alisema. "Nikashika."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna inayomfanya mtu asahau hata jina lake. Costancia alipatwa na hii ya pili. Alisimama pale na nyanya moja mkononi, akimtazama mwanamke aliyemfunga kanga kiunoni siku ya msiba wa mumewe, na mdomo ukakataa. Alipoupata tena, alichoweza kusema ni kwamba yeye alisema nishikie, hakusema shika. Raheli akajibu kwamba hayo ni maneno tu. Maneno tu! Kama si maneno, watu wanaishi kwa nini? Ndoa ni maneno. Mkopo wa unga ni maneno. Costancia aliirudisha ile nyanya kwenye tenga, kwa sababu hakutaka kuitwa mwizi kwenye bustani yake mwenyewe, akapanda kilima bila kuaga.

Kilichomwumiza zaidi ni watu. Alitegemea kijiji kizima kitashika kichwa, lakini siku mbili hazijapita watu wakawa wanapima, kama vile jambo lina pande mbili. Raheli kamwagilia kweli, walisema. Jua lote lile. Kanuni si inasema kipande ni cha anayekitunza? Doto, mama kijana mwenye kipande ng'ambo ya dimbwi, alimwamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, na baada ya marahaba akamwambia polepole kwamba yeye hachukui upande, ila ukweli ni kwamba mama Frank alikuwa pale kila siku. Costancia akamwuliza: yaya akimbeba mtoto kila siku, ndiye amemzaa? Doto akatazama ndoo yake. Hao ndio watu wema wa kijiji, wasiochukua upande. Mnyang'anyi humwogopi kama unavyowaogopa wao.

Alikwenda kwa mzee Yassin, mwenyekiti wa kamati ya bonde, mtu mpole, mzito wa kuamua, asiyependa kumwudhi mtu hata mmoja na kwa hiyo akiwaudhi wote. Mzee aliwaita kwenye banda la kuhifadhia matenga. Wanakamati walikaa juu ya matenga matupu, na watu wengine, Doto akiwemo, wakasimama nje wakisikiliza kupitia nyufa za fito. Costancia na Raheli wakawekwa wakitazamana.

Mzee Yassin alianza kwa kushangaa kwamba watu wazima wawili wamegombana kwa herufi chache. Shika, nishikie, aliona ni ndugu wa tumbo moja. Labda mmoja alisema hivi, mwingine akasikia vile, asubuhi ilikuwa na haraka. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu wagawane nusu kwa nusu waende nyumbani kabla jua halijapanda. Costancia aliusikia mpango huo unakuja kabla haujatajwa, na damu ikamchemka.

"Mzee, shikamoo yako nimeshakupa, kwa hiyo nisamehe," alisema. "Nikikupa kuku nikakwambia shika, mchinje, ule, usinikumbuke. Nikikwambia nishikie kuku, nikirudi nataka kuku wangu, na kama ametaga, tutazungumza mayai. Hapa hakuna mtoto wa darasa la kwanza asiyejua tofauti hiyo. Ukinigawia nusu ya kuku wangu, ujue umemchinja."

Watu wakacheka nje ya banda. Mzee Yassin hakucheka. Alikuna kidevu na kumpa Raheli nafasi.

Raheli alisimama. Na tuseme kweli hata kama inauma: alisema vizuri. Hakumtukana mtu. Alinyoosha viganja vyake, na alama za mpini wa ndoo zilikuwepo, nyekundu. Alieleza mto ulivyorudi nyuma hata dimbwi likawa la kushuka kwa miguu na mikono. Alieleza kantangaze alivyoingia kwenye nyanya za bonde zima, kile kidudu kinachokula jani kwa ndani na kutoboa tunda, na jinsi yeye alivyokagua mche mmoja mmoja, akichuma majani yenye ugonjwa na kuyachoma. Nyanya zake mwenyewe, kule mwisho wa kipande chake kwenye kichanga, zilikufa nusu. Hizi hakuacha zife. Sauti ilianza kumtetemeka, na wanakamati wawili watatu wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma. Costancia aliona bustani inaondoka, pale pale, anaiona kwa macho, inaondokea kwenye vichwa vile vinavyotikisika.

"Mnajua kazi yake?" Raheli alisema. "Namaliza kumwagilia kwangu, jua limeshakuwa kali, mgongo hauna hali, natamani nikalale. Halafu nachukua ndoo tena, naingia kwa Costancia..."

Akanyamaza.

Hata walioko nje waliacha kusukumana. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulisimama wima kuliko mwenyewe.

Mzee Yassin aliuliza, taratibu kabisa, alikuwa akiingia wapi. Doto, ambaye hakuchukua upande, akapata ghafla upande: akasema kwamba ndivyo alivyokuwa akimjibu hata yeye kiangazi chote, kila wakikutana njiani akimwuliza anakwenda wapi, anakwenda kwa Costancia. Hata siku chache tu kabla mwenyewe hajarudi. Costancia alimtazama. Doto alikuwa nalo neno hilo siku zote, amelifunga kwenye pindo la kanga, akisubiri kuona upepo unavuma wapi.

Basi kipande kikarudishwa, na mzee Yassin akaonekana mwenye hekima bila kufanya lolote. Watu walipotoka, Raheli alibaki amekaa kwenye tenga. Costancia alipompita, Raheli alisema kwa sauti ya chini kwamba mwenzake alikaa sana huko Berega, na kwamba ukimwagilia kitu kila siku, moyo nao huota mizizi. Huenda ilikuwa toba. Huenda hata ilikuwa kweli. Lakini Costancia alikuwa amekwisha kujua kwamba mtu anaweza kusema kweli yote na bado akakuibia, na hakusimama.

Mchumo wa kwanza baada ya hapo Costancia aliufanya mwenyewe. Alijaza tenga hadi juu, nyanya nzuri kuliko zote, akalibeba kichwani hadi mlangoni kwa Raheli, akaliweka chini na kumwambia hayo ni malipo ya kumwagilia, kama alivyosema tangu siku ya kwanza, asije akasema kesho kwamba alimdhulumu. Raheli alisema asante. Kabla ya haya yote wangekaa pale barazani mpaka jioni. Costancia aliondoka na ngata yake mkononi, na hasira haikupungua hata kidogo. Alidhani akilipa itapungua.

Bonde likaendelea, lakini si kama zamani. Doto alipotaka kwenda mazikoni Zombo, hakumwambia jirani yake neno mpaka alipowaita watu wawili waje kusikia. Wakaacha ndoo zao, wakaja, wakasimama kama kwenye kiapo, na Doto akasema nishikie bustani, akilitamka neno kipande kipande, wakaitikia kwamba wamesikia. Wakacheka kidogo kwa haya, kisha wakarudi kazini. Costancia aliyaona hayo kutoka kwenye bamia zake. Tangu enzi za bibi zao watu walikuwa wakiachiana mbuzi, nyumba na watoto kwa neno hilo, na sasa lilihitaji mashahidi. Hilo kamati haikumrudishia mtu.

Upendo alipiga simu siku ya Alhamisi, jua likiwa kali na nyanya za mchumo wa pili zikiwa na kiu. Hakuwa amesimuliwa chochote. Mama yake alitaka mshono upone kwanza, na baada ya mshono akakosa pa kuanzia. Costancia alikuwa na tope hadi viwikoni, akaiweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti ikatoka nje yote. Upande wa pili wa tuta, Raheli alikuwa akimwagilia mchicha wake. Walikuwa wamejifunza kufanya kazi hivyo, hatua chache kati yao, bila kusalimiana.

Mtoto anabatizwa Jumapili, Upendo alisema. Mchungaji amekubali, nguo nyeupe imeshonwa, na wakwe wanauliza bibi mwenye jina lake anafika lini. Costancia alisema hataweza. Kiangazi kimekuwa kikali, alisema, bustani haiwezi kukaa hata siku mbili bila maji, na kwenda na kurudi ni zaidi ya hizo. Alisikia binti yake anavyovuta pumzi, kama alivyokuwa akivuta utotoni kabla ya kulia.

"Lakini mama, si umwachie mama mdogo Raheli, kama siku ile? Yeye yupo?"

Maji yaliacha kumwagika upande wa pili wa tuta. Raheli alikuwa amesimama na ndoo yake, amegeuka, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo kama mtu aliyeitwa na anayetaka kuitika. Costancia alimtazama. Walitazamana muda mrefu kuliko walivyowahi kutazamana tangu siku ya banda.

"Hayupo, mwanangu," Costancia alisema.

Raheli akafunga mdomo, akainamisha ndoo, akaendelea kumwagilia mchicha wake.