Anza Upya, Wakili

Nilipomwona mdogo wangu wa kike ameketi kwenye benchi la mawakili, nilisahau kabisa kwamba aliyeshtakiwa ni mimi.

Nilikuwa nimesimama kizimbani, mkono mmoja umeshika ubao, mwingine umeshika suruali kwa sababu mkanda waliubakiza kituoni. Shtaka langu lilikuwa kupokea mali ya wizi. Mimi ni fundi friji. Kuna mteja aliniletea friji kibandani, akasema haigandishi, nikaifungua, nikabadilisha kompresa, nikaiweka mlangoni imsubiri mwenyewe. Mwenyewe hakurudi. Walikuja polisi pamoja na mwenye duka aliyeibiwa. Maelezo yangu yalikuwa marefu na ya kweli, na hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Hayo nilishayameza. Kilichonitia ubaridi wa mgongo ni yule mtoto pale mbele, suti nyeusi na blauzi nyeupe, miguu ameibana chini ya benchi, kati ya wazee wawili wenye mafaili.

Yule si wakili. Anasoma sheria chuo kikuu, mwaka wa pili. Nyumbani tunamwita Wakili tangu siku alipopata nafasi, na mama ndiye aliyeanza. Wakili, njoo uoshe vyombo. Wakili, nani kaacha taa inawaka? Mtaa nao ukadakia, sasa hata muuza mkaa anamwamkia Wakili na fundi cherehani anajigamba kwamba anamshonea Wakili. Ulikuwa utani tu. Ila mama amelirudia jina lile mpaka amelisadiki.

Suti naijua, maana niliipiga pasi mimi kabla sijakamatwa. Ilikuwa ya mtihani. Chuoni kwao wana mahakama ya kuigiza: mwalimu anakaa kama hakimu, mwanafunzi anatetea kesi ya kubuni, anapewa alama. Zamu yake ilikuwa asubuhi ile ile. Mama alipopata habari kwamba naletwa mahakamani, akamdaka mlangoni akiwa ameshavaa, akamburuta.

Na mimi ndiye niliyemfundisha kusimama. Tangu utotoni mdogo wangu akiogopa huongea mbio, mdomo uko hapa, akili imeshahama. Kwa hiyo kila akitoka chuo alipitia kibandani tukafanya mazoezi. Mimi nakaa juu ya friji bovu, mimi ndiye Mheshimiwa, na spana ndiyo nyundo yangu. Yeye anasimama katikati ya mabomba na mitungi ya gesi, anaanza: "Ikikupendeza Mheshimiwa, ninasimama kumwakilisha mshtakiwa." Akijikwaa, nagonga kompresa kwa spana: "Anza upya, Wakili!" Wateja walivunjika mbavu. Tulirudia mpaka sentensi ile ikawa inamtoka yenyewe, hata ukimshtua akiwa anasinzia. Nilijisifu sana kwa kazi ile.

Siku moja alikuja kibandani hana raha. Siku hiyo walifundishwa maadili ya uwakili, na mwalimu alikuwa amewasimulia habari za mwanafunzi mmoja wa zamani aliyekwenda mahakamani kumsaidia binamu yake, akajitambulisha kama wakili. Alipomaliza masomo na kuomba kuapishwa, yakafukuliwa. Hajaapishwa hadi leo. Anauza makava ya simu na shahada yake imetundikwa ukutani.

"Ni jinai, kaka," aliniambia. "Na hata wasipokufunga, wanaandika. Wanaweka kwenye faili. Siku unaomba kuapishwa wanakufungulia."

Mimi nikamcheka, nikamwambia basi awe anaangalia mahali pa kukaa. Kizimbani sikuwa na kicheko chochote.

Alivyofika kwenye benchi lile niliona kwa macho yangu. Karani alikuwa mlangoni na rundo la mafaili kifuani, jasho linamtoka, akauliza watu wale ni wa kesi gani. Mama akapaza sauti yake ya harusini: "Ya mwanangu, fundi friji. Na Wakili huyu hapa!" Karani akaiangalia suti. "Wakili, mbona unabanana na watu? Pita mbele." Mdogo wangu akafungua mdomo, lakini karani alishageuka, na mama alishamsukuma begani. Wakili mmoja mzee akasogeza mkoba wake kumpa nafasi. Akakaa kwenye ukingo wa benchi, kati yake na mwenzake.

Toka hapo, nilimwambia kwa macho. Inuka, jifanye unakwenda kujisaidia, zimia, fanya lolote. Hakunitazama. Alikuwa anatazama meza ya hakimu, na midomo yake inacheza kidogo kidogo. Nikajua anachokisema.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Aliandika kila kitu kwa mkono. Ukiongea haraka anainua kiganja, unasubiri, kalamu inamaliza, unaendelea. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuisikia ikikwaruza karatasi. Sikuiondolea macho kalamu ile.

Nikasomewa shtaka. Nikasema si kweli. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye tai ndefu kupita kiasi, akapinga dhamana: mshtakiwa ni fundi wa kibandani, makazi yake hayajulikani, anaweza kuyeyuka wakati wowote. Kalamu ikaandika. Lakini nawaambia kweli, sikuwa namsikiliza yule. Nilikuwa naomba karani asahau.

Karani hakusahau. "Mshtakiwa ana wakili, Mheshimiwa."

"Wakili, jitambulishe," akasema hakimu bila kuinua kichwa.

Mdogo wangu akasimama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unafinya pindo la koti, na mimi namjua, akifinya nguo kichwani hamna mtu. Nikamwomba Mungu amnyime sauti.

"Ikikupendeza Mheshimiwa," akasema, wazi kabisa, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha.

Kalamu ikaanza kukwaruza.

"Ninasimama..."

Hakimu akainua kiganja asubiriwe. Akaandika. Akashusha kiganja. Niliona kifua cha mdogo wangu kinajaa hewa kwa ajili ya maneno yaliyobaki, na hapo mkono wangu ukaachia suruali, ukaupiga ubao wa kizimba kwa nguvu zote.

"Anza upya, Wakili!"

Chumba kizima kiliruka. Askari akanikamata ukosi wa shati mpaka kola ikanikaba. Ndipo nikasikia nilichosema. Nimemwita Wakili. Mbele ya hakimu, kwa mdomo wangu mwenyewe, nimemwita Wakili.

"Mshtakiwa, umerukwa na akili?" Hakimu alikuwa amevua miwani.

Nilikuwa namtazama mdogo wangu, kwa sababu kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa ananitazama na yeye. Niliona akili inarudi usoni mwake, na woga unaingia nayo. Akaachia koti.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi si wakili. Ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Huyu ni kaka yangu."

Wale mawakili wawili waliokuwa wamembana katikati wakasogea, mmoja huku na mwingine huku. Mwendesha mashtaka akatabasamu, tabasamu ambalo bado naliona nikifumba macho. Karani alikuwa ameinamia mafaili yake, anahesabu kitu kisichohesabika.

"Nani alikuruhusu kukaa hapo?"

Karani akaacha kuhesabu. Neno moja tu la mdogo wangu lingetosha kumtumbukiza, na lingekuwa neno la kweli.

"Niliambiwa nipite mbele nikapita, Mheshimiwa. Nilipaswa kukataa. Niliogopa."

"Mheshimiwa, ni mimi!" Mama alikuwa amesimama huko nyuma, kanga imemwanguka begani. "Ni mimi niliyesema, sisi nyumbani tunamwita hivyo, ni utani wetu tu, hana kosa mtoto..."

"Keti, mama."

Mama akaketi. Sikuwahi kumwona mama akinyamazishwa kwa neno moja.

Hakimu akamrudia mdogo wangu. "Unajua ulichotaka kukifanya kinaitwaje?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Kitaje."

"Kujifanya wakili. Ni kosa la jinai." Alitamka polepole, kwa mwendo wa kalamu. Nilimfundisha muda wote ule kuongea polepole, na siku aliyoweza ndiyo siku ya kujichongea.

Kalamu ilikuwa hewani. Nimefanya kazi na umeme miaka yote, nimerushwa, nimeungua, nimewahi kushika waya nikadhani ndio mwisho wangu. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa ile kalamu. Ikigusa karatasi, miaka miwili ya mdogo wangu imekwisha. Mama aliyeuza vitanda akalala chini, vitabu vikubwa kuliko mito yetu, usingizi aliouacha mezani, vyote vinakwenda kutundikwa ukutani juu ya makava ya simu. Na sentensi niliipandikiza mimi kwa spana.

Hakimu akavaa miwani. Akasoma alichokwisha kuandika, kwa sauti ya mtu asiye na haraka.

"'Ikikupendeza Mheshimiwa, ninasimama.' Hapo ndipo tulipokatizwa." Akamtazama yule mwendesha mashtaka mpaka tabasamu likamwisha. "Kusimama si kosa. Humu ndani kila mtu husimama. Binti, nenda ukakae nyuma na watu. Na siku utakayorudi kwenye benchi hilo, uje na cheti."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Kalamu ikashuka pembeni ya karatasi, juu ya meza. Nikapumua. Nilidhani yamekwisha.

"Sasa wewe," hakimu akasema.

Askari akanisimamisha wima.

"Umeipigia mahakama kelele. Una lolote la kusema kuhusu dhamana?"

Nilikuwa nayo yote. Mshtakiwa ana makazi ya kudumu. Ana wadhamini wa kuaminika. Hatavuruga mashahidi. Maneno hayo nimeyasikia kibandani mpaka friji zenyewe zingeweza kuyasema. Lakini kichwani mwangu sikuona kitu.

"Naomba dhamana, Mheshimiwa. Naishi na mama."

Mwendesha mashtaka akainuka upesi. Mheshimiwa ameona mwenyewe, akasema, kama mshtakiwa hawezi kujizuia mbele ya mahakama, huko nje atawafanya nini mashahidi? Safari hii kalamu haikusita. Ilikwaruza mstari mzima, na mwingine chini yake. Nitakaa rumande hadi wiki ijayo, makazi yangu yathibitishwe, ndipo dhamana itafikiriwa.

Mama akapiga ukelele. Sitajitia ushujaa hapa. Niliogopa. Nimesikia ya rumande kwa watu waliotoka huko, na yale wasiyoyasema ndiyo yaliyokuwa yananijia pale.

Walinipitisha kando ya mabenchi ya watu. Mdogo wangu alikuwa kwenye ukingo wa benchi tena, uso umelowa, kola ya blauzi imelowa.

"Kaka, nisamehe. Kaka, ni mimi..."

"Mtihani wako saa ngapi?"

"Siendi. Nitaendaje?"

"Utachelewa. Nenda."

"Nitasema nini mimi leo?"

"Unajua utakachosema. Kiseme polepole." Askari akanivuta. Nilitaka kuongeza neno la utani nikalikosa.

Chumba cha kusubiria gari kiko chini ya mahakama. Hakina dirisha, kina benchi la saruji na ndoo, na mlango wake ni wa chuma mpaka juu. Tulikuwa wengi, tukakaa mabega yamegusana. Nilijaribu kusikiliza kama viatu vya mdogo wangu vinapita huko juu kwenda barabarani, nikasikia viatu vya watu wengi tu.

Mtu mmoja mwenye ndevu za siku nyingi akanigeukia. "Wewe ndiye uliyepiga kelele huko juu? Tumekusikia mpaka huku. Ulikuwa unamwita wakili."

"Ndiyo."

"Sasa wakili wako yuko wapi?"

Huko nje gari lilikuwa limeshawashwa, na mtu alikuwa anakuja na funguo.

"Bado anasoma," nikamwambia.