Gome la Zakopane

Ukitaka kumjua Mzee Julius, muulize habari za macho yake, kisha utafute njia ya kukimbilia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akitembeza wageni katika Msitu wa Kakamega. Aliujua mti ambao mbega hulala juu yake na ndege anayeiga sauti za wenzake. Halafu mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, dunia ikawa maziwa matupu. Daktari alimwambia ni kazi ya dakika ishirini, jicho moja kwanza na la pili baadaye, na kwamba kambi ya macho ingerudi Novemba. Akamwambia pia kwamba akiendelea kungoja, jicho la kulia litaharibika kabisa. Mzee akachukua fimbo yake akasimama.

"Nilichotaka kuona nimeshakiona," akasema. Basi, mjadala ukafungwa.

Lois, binti yake mdogo aliyekaa naye pale nyumbani, alijaribu kulia. Padri alijaribu Injili, akamkumbusha kipofu Bartimayo. Mzee akamjibu kwamba Bartimayo hakushikiwa kisu. Aliyebaki ni Priscah, kifungua mimba, ambaye baba yake hakuwahi kumkatalia kitu. Lakini Priscah alikuwa Riyadh, mwaka wa tatu sasa, akipika, akifua na kulea katika nyumba ya watu, na mtu huwezi kumshika mkono kwa simu ukampeleka hospitali. Jambo hilo lilimsumbua usiku na mchana. Alijua kwamba Novemba ikipita hivi hivi, baba yake hataona tena, na yeye atakuwa akiosha vyombo vya wengine wakati hilo linatokea.

Kila Ijumaa, jikoni kukishatulia, alimtumia Mzee ujumbe wa sauti. Video alikuwa ameziacha, kwa kuwa ya nini kumwonyesha mtu asiyeona? Na katika kusimulia, Priscah alibanwa na kanuni moja aliyolelewa nayo tangu akiwa mtoto, akimfuata baba yake nyuma ya wageni. Mtembeza wageni hasemi "nzuri".

"Nzuri ni neno la mvivu," Mzee alikuwa akisema. "Sema ulichokiona. Kihesabu. Kinuse. Uzuri mgeni atauamua mwenyewe."

Sasa mtu wa ndani ya geti Riyadh ahesabu nini? Kulikuwa na ukuta, kiyoyozi, mtende mmoja, na paka wa jirani aliyekuwa akipita juu ya ukuta saa kumi. Paka huyo alisimuliwa mpaka Mzee akasema anamjua kuliko majirani zake mwenyewe.

Mwezi wa Julai, joto lilipofika pale ambapo hata bomba la maji baridi linaunguza, bosi alitangaza safari. Wiki tatu, Poland, mji wa milimani unaoitwa Zakopane. Madam alitaka baridi, watoto walitaka theluji (hawakuipata, ilikuwa kiangazi), na Priscah alitakiwa awepo kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo madam aliketi mkahawani na shali yake, bosi akaketi na simu yake, na Priscah akaachiwa binti yao Jori wa miaka tisa, ambaye hakuwa na haja na mkahawa.

"Yalla, Briska!" Jori alimhimiza waende, kwa ulimi wake wa Kiarabu usio na "p", na wakaingia msituni.

Hapo ndipo Priscah alipopata cha kusema. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa dakika kumi na nne. Alimweleza Mzee miti mirefu iliyonyooka, yenye sindano mahali pa majani, na mizizi iliyotambaa juu ya mawe kwa kukosa udongo. Kila upepo ulipopita, harufu ya utomvu ilipanda hadi kichwani. Alimweleza vichuguu vya sisimizi vilivyomfika kiunoni, ambavyo havikujengwa kwa udongo bali kwa sindano hizo kavu, moja moja, maelfu kwa maelfu. Jori aliweka kiganja juu ya kimoja, akakinusa, akapiga chafya kwa ukali wake.

Alimweleza nyumba za magogo, paa zake zimeshuka mpaka kukaribia madirisha ili theluji iteleze. Katikati ya gogo na gogo, wenyeji walikuwa wameziba upenyo kwa nyuzi za mbao zilizosokotwa. "Baba, wameisuka nyumba," alisema. "Ni mistari kabisa, ile tuliyokuwa tukisukwa Jumapili." Alimweleza kisanduku cha mbao kilichopigiliwa kwenye shina, chenye paa lake dogo, na ndani yake sanamu ya Bikira Maria na maua matatu, moja bado bichi. Nani aliyepanda huko juu na ua bichi? Jambo hilo lilimshangaza kuliko milima yenyewe.

Na watu! Riyadh Priscah angeweza kumaliza mwezi bila mgeni yeyote wa nyumba kumsalimu. Huku, kila waliyepishana naye njiani, mzee kwa kijana, alimsalimu, tena akimtazama usoni. Jori akaanza kuhesabu. Siku ya tatu walifika salamu mia moja na saba, na Priscah, aliyekuwa akiitikia kwa Kiswahili kwa kukosa lugha, alirudi walikopanga na mashavu yanayouma kwa kutabasamu. Alikuwa na furaha na hakuona haya kusema hivyo.

Lakini cha ajabu kuliko vyote kilikuwa kuni. Miti ilikuwa imeanguka yenyewe, mikubwa, na imeachwa ilale. Mtoto wa Kakamega, aliyebeba kuni kichwani kabla ya kujua kuandika jina lake, alisimama mbele ya gogo moja akashindwa kuendelea. Hakuna shoka lililoligusa. Gogo lilikuwa limelainika na kufunikwa na kuvumwani, na juu ya mgongo wake ilikuwa imeota miche kumi na mmoja, katika mstari mmoja, yote inakula maiti ya mama yao. Priscah aliirudia hesabu mara mbili, kwa kuwa alijua ataulizwa.

Halafu ikaja Ijumaa ya pili, na ujumbe mwingine kabisa.

"Baba, nina habari mbaya," alianza. "Wanaukata msitu. Nimeona alama. Miti iliyo kando ya njia imepakwa rangi, mstari mweupe, mwekundu, mweupe. Nimetembea saa mbili, alama haziishi."

Kakamega hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Zamani, Mzee akiwa kijana, watu wa mbao walipita na kopo la rangi, na mti uliopakwa Jumatatu haukuwepo mwisho wa wiki. Mzee Julius alijua maana ya rangi kwenye shina. Lois alisimulia baadaye kwamba siku hiyo Mzee hakugusa ugali. Alikaa nje na fimbo yake akiomboleza miti ya watu ambao hajui hata majina yao.

Aliyewaokoa ni Jori. Kesho yake walifika njia panda, penye ubao wa ramani, na mtoto akaweka kidole kwenye mstari mwekundu wa ramani, kisha kwenye rangi nyekundu ya mti, kisha akamtazama yaya wake kwa huruma ile watoto wanayowapa watu wazima. Kulikuwa na njia nyekundu, njia ya bluu, njia ya kijani. Rangi ilikuwa ya kumwambia mtembezi kwamba hajapotea. Kila baada ya hatua kadhaa, mti mmoja ulikuwa umepewa kazi ya kusema: ni hapa hapa, endelea.

Priscah hakungoja Ijumaa. Mzee alipousikia ujumbe huo alicheka. Lois akaacha kuosha sufuria akaja kuangalia, maana hakuwa amesikia kicheko hicho tangu macho yalipofunga.

"Miaka thelathini na moja," Mzee alisema, akijipangusa machozi, "nimewaongoza Wazungu kwa mdomo. Kumbe kwao miti yenyewe ndiyo inafanya kazi yangu!"

Lakini Priscah alipomgusia Novemba, kicheko kikakauka. "Tumeshaongea," Mzee alijibu.

Siku ya mwisho Zakopane, Priscah alikuta rundo la kuni nyuma ya nyumba waliyopanga. Gome moja lilikuwa limebanduka, pana kama kiganja. Alipoligeuza, alipigwa na butwaa. Upande wa ndani ulikuwa umechorwa. Mfereji mmoja ulipita katikati, na kutoka kwake vijifereji vilitawanyika kulia na kushoto, vimepangwa kwa nafasi sawasawa, vikipanuka kuelekea mwisho, na hakuna hata kimoja kilichokatiza kingine. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye kitambaa kichwani, alimwonyesha kwa vidole mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, kisha akaelekeza mkono mlimani, kwenye mteremko ambao miti yake ilikuwa imesimama imekauka, ya kijivu. Priscah akaelewa. Mdudu huyo ndiye muuaji. Aliomba gome kwa ishara, akapewa, akalifunga ndani ya soksi.

Riyadh alijaribu kulisimulia akashindwa. Alirekodi, akafuta, akarekodi tena. Kila mara neno lililokatazwa lilimjia ulimini, akalimeza. Mwishowe alimwendea Naftali, dereva wa bosi, mtu wa Shinyalu, kule kule Kakamega, aliyekuwa anaenda likizo mwezi wa kumi.

"Nipelekee hii kwa Mzee," alimwambia. "Mpe mkononi."

Naftali aliichungulia soksi. "Priscah, watu wananituma simu, manukato, mablanketi. Huko mtaa wa Manfuha wenzetu wamenipakia hadi nimepita kilo za ndege. Wewe unanituma ganda la mti?"

"Halas, yatosha, Naftali. Beba tu."

Akabeba, akilalamika. Naftali mwenyewe ndiye aliyesimulia kilichofuata. Mzee alilipokea gome, akalinusa kwanza. Kisha akapitisha kidole gumba ndani yake, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, kijifereji kimoja baada ya kingine. Chai ilipoa. Naftali alikohoa, akaaga, akaona haagiki, akaketi tena.

"Amebeba mwenyewe? Kwa mkono wake?" Mzee aliuliza hatimaye.

"Kwa soksi, Mzee."

"Mkono wake ukoje siku hizi?"

Naftali, masikini, alimwendesha bosi kila siku na hakuwahi kuutazama mkono wa Priscah. Alisema uko sawa.

"Uko sawa," Mzee alirudia, bila kuridhika. Halafu akapaza sauti. "Lois! Hao watu wa macho wanakuja tarehe ngapi?"

Priscah aliposikia, aliketi kwenye sakafu ya jikoni akalia hadi madam akaja kuuliza ni nani amekufa.

Novemba familia ilikuwa Jeddah kwa bibi yake Jori. Kakamega jicho la kulia lilipasuliwa Jumanne, na Jumatano asubuhi ndipo bandeji ingetolewa. Priscah aliomba saa moja, akapewa, akachukua teksi hadi Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Alikuwa amejipanga. Hakupiga picha nyingi Poland, lakini hapa, mbele ya nyumba moja kongwe ya mawe ya matumbawe, palikuwa na mwarobaini mkubwa ambao wenyeji waliusimulia kwa fahari. Baba yake asingefunguliwa jicho aone ukuta wa hospitali tu. Kitu cha kwanza kiwe mti.

Simu ilipoita, alikuwa ameshaigeuza kamera kuelekea juu. Sura ya Mzee ikatokea, jicho moja jekundu, linatokwa na machozi, linapepesa.

"Baba, unaona? Ni mwarobaini. Shina lake nimelipima kwa mikono, na matawi..."

"Nimeuona," Mzee alisema. "Tunao hata sisi. Geuza simu."

"Ngoja uone na madirisha ya mbao hapa..."

"Priscah. Umeniambia sisimizi, umeniambia mapaa, umeniambia mpaka miche iko mingapi. Miaka mitatu sijasikia umesema wewe uko vipi. Unadhani nimekubali kisu kwa ajili ya ganda la mti? Geuza simu, mama."

Wachukuzi walipita na mikokoteni yao, wakapiga kelele apishe njia. Priscah alisogea kivulini, akarekebisha mtandio uliokuwa haujakaa vibaya, akageuza simu.

 Mzee alisogeza uso karibu, jicho lile moja likijaza kioo chote, akamkagua kuanzia juu alivyokuwa akiukagua mti mgeni.

"Mvi," alisema. "Nne. Hapana, tano, zote upande wa kushoto. Mashavu yamepungua. Lile kovu la nyusi bado lipo. Lete mkono."

Priscah akauinua mkono mbele ya kamera.

"Umeungua hapa. Hapa pia. Na hapa ngozi imebanduka kwa sabuni." Nyuma yake sauti ya Lois ilisikika ikimwuliza anaona nini, aseme na wao wasikie.

Mzee Julius, aliyewatembeza wageni wa nchi arobaini bila kulitaja neno hilo mbele yao, alijifuta jicho kwa mgongo wa mkono.

"Mzuri," akasema. "Namwona binti yangu, ni mzuri."