Ruhusa ya Kuacha Ukuta wa Mbao

Yule kijana wa ofisi ya ujenzi alicheka, halafu akaita wenzake waje wasikie.

"Papa, rudilia. Uko naomba nini?"

"Ruhusa ya kujenga nyumba ya matofali," nikamwambia. "Lakini ukuta wa mbele muniachie wa mbao, vile uko."

"Watu banakuja hapa ili batoke mu mbao. Weye unaomba kubakia?"

"Ukuta moja tu."

Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza kama mbao zangu zilitoka mbinguni. Yule kijana, Achille, akachukua dosie yangu ya karatasi na kusema atakuja kuona parseli, kiwanja chenyewe, kwa macho yake. Sikumweleza sababu mbele ya wale. Mimi ni seremala, shule niliiacha mapema, na mbele ya watu wenye kashe, mihuri ya serikali, ulimi wangu unakauka.

Sisemi kwamba ofisi ilikosea. Kiangazi kilichotangulia, mbabula, jiko la makaa, ilianguka katika nyumba moja ya avenyu yetu pale Mabanga, na moto ukaruka nyumba kwa nyumba. Mbao zetu tunazipaka mafuta machafu ya gari ili mchwa wasizile. Mchwa hawali, kweli, lakini moto unazipenda kama petroli. Nyumba yetu ilisalimika, lakini jirani yetu wa nyuma, mama Mwavita, alimpoteza mjukuu ndani ya moto ule. Baadaye shefu wa avenyu alipita kila mlango akitangaza kuwa mbao zimekwisha hapa. Kila mtu alete dosie ajenge kwa matofali, asiyeleta nyumba yake itachorwa msalaba mwekundu na kubomolewa.

Nilitaka kujenga. Mke wangu, Uwimbabazi, ndiye hakutaka, na hakutaka kwa sababu ya Munezero.

Munezero ni mtoto wetu, wa pekee. Mwaka ule volkano ilipotapika na tukaambiwa tuhame, tulishika barabara ya Sake kwa miguu pamoja na mji mzima. Alikuwa hajanifikia hata kiunoni, na miguu yake ikavimba. Jirani mmoja akampandisha juu ya lori lililojaa magodoro, akasema tutamkuta mbele. Hatukumkuta. Tulimtafuta Sake, Minova, kwenye makambi, kwenye makanisa, kwenye redio. Mtu wa mwisho kuzungumza naye ni mama mmoja muuza makaa pale Sake. Alimwona analia kando ya barabara, akamuuliza kwao ni wapi. Mtoto hakujua jina la avenyu. Alimwambia, "Kwetu ni nyumba ya mbao, ya kijani. Mulango njano. Mbele kuko jiwe kubwa napandaka." Yule mama akaingia ndani kumtafutia maji. Alipotoka, mtoto hayuko.

Ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyo nayo. Hakutaja jina langu wala la mama yake. Alitaja nyumba.

Kwa hiyo nyumba haikuguswa. Mabati yalitoboka, tukaweka mabeseni chini. Kila mwaka Uwimbabazi alinituma rangi, kijani ileile na njano ileile, na nikikosea alinirudisha dukani. Watu wa avenyu waliendelea kutuita Papa Munezero na Mama Munezero. Wangetuitaje?

Achille alikuja na mita yake na viatu safi. Uwimbabazi akamtolea kiti. Kijana hakukaa. Alipanda juu ya lile jiwe mbele ya mlango, jiwe jeusi la volkano, ili aone barabara vizuri.

"Shuka pale, papa," mke wangu akamwambia. "Lile jiwe liko na mwenyewe."

Achille akadhani ni mzaha. "Mwenyewe nani, mama? Volkano?"

"Mutoto wangu."

Akashuka. Hapo ndipo mke wangu akamweleza yote, amesimama, mikono kwenye kitenge, bila machozi. Achille alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakunja mita yake polepole, na nikajua jibu kabla hajafungua mdomo.

"Mama, nitakuambia kweli, sababu kukudanganya ni mubaya zaidi," akasema. "Barabara hii itapanuliwa. Jiwe liko ndani ya barabara. Nyumba itarudi nyuma, na mulango hauwezi kufungukia magari, lazima uangalie ile njia ndogo ya nyuma. Na ukuta wa mbao, hata mimi nikifunga macho, yule atakuja nyuma yangu atachora musalaba."

"Basi bachore."

"Mutapaka matofali rangi ya kijani. Ileile. Hiyo hakuna mutu atawakataza."

"Kijani bila mulango, bila jiwe," Uwimbabazi akasema. "Atapita hapa aone mugongo wa nyumba. Atasema, hapa hapana kwetu. Ataendelea na njia."

Achille akanitazama mimi. Nikatazama jiwe.

Karatasi aliyotuachia ilitaka sahihi ya mume na ya mke. Yangu niliiweka siku hiyohiyo. Yake ilikosekana, na karatasi ikakaa chini ya redio, kila mmoja wetu akipita anaiona na kugeuza macho. Nilimwambia tutapoteza parseli. Akaniambia, "Weye ulishapoteza mutoto, parseli ni nini?" Nilitoka nje nikashinda kwa watu hadi jioni. Ningebaki ndani ningesema neno baya.

Aliyemaliza jambo hili ni mama Mwavita. Alikuja asubuhi moja, mjukuu wake mwingine mgongoni, wengine wawili wamemshika kitambaa. Hakubisha hodi.

"Mama Munezero, nimekuja kukutukana ao kukuomba. Chagula."

"Tukana tu, mama. Nimezoea."

"Mudomo wako! Sasa nitaomba." Akaketi chini kwenye sakafu, mzee yule, na hakukubali kiti. "Mimi nilizika. Niko na pahali pa kwenda kulia. Weye hauna, na Mungu anajua nakuhurumia. Lakini hawa bamebakia, banalala nyuma ya ukuta wako. Moto ukirudi, utapita hapa ufike kwangu. Unataka nizike nani tena? Huyu? Ao huyu?"

Mtoto wa mgongoni akakohoa. Uwimbabazi alimtazama muda mrefu. Kisha akainua redio, akavuta karatasi, akaomba kalamu. Aliandika jina lake lote, na chini yake, pahali ambapo hapakutakiwa kitu, akaandika "Mama Munezero".

Ruhusa ikatoka. Kashe mbili, sahihi tatu, kila kitu sawa. Kabla ya msingi kuchimbwa, nyumba ya zamani ilipaswa kuondoka.

Katika mji wetu nyumba ya mbao haifi. Unaifungua misumari, inapakiwa, inaenda kusimama kwa mtu mwingine. Aliyetaka yetu aliitwa Balagizi, fundi wa pikipiki aliyekuwa na kiwanja Mugunga, kando ya barabara ya Sake. Niliposikia Sake nilitaka kumkataa. Mke wangu akawa ameshasikia.

"Utaisimamisha vile iko," akamwambia. "Kijani, mulango njano. Na mulango uangalie barabara."

Balagizi akajikuna kichwa. "Mama, niko nanunua mbao ao nanunua sheria?"

"Vyote viwili."

"Na mimi nitakuja kuisimamisha mwenyewe, bila kukulipisha," nikasema. Akakubali. Fundi wa bure hakataliwi.

Niliifungua nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Jiwe nililivunja kwa nyundo kubwa, na Uwimbabazi akaenda kukaa kwa Mwavita asisikie, lakini alisikia, mtaa mzima ulisikia. Aliporudi, akaonyesha kwa kidole kipande kikubwa kuliko vyote. Nilikipandisha kwenye chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, pamoja na mbao, nikakisukuma hadi Mugunga, nikakiweka mbele ya mlango. Hakikufika hata magotini.

Nyumba mpya ni nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mvua ikinyesha, hatuweki beseni. Mwavita alikuja kugusa kuta, akalia kwa furaha, akatubariki. Mke wangu alimpikia chai.

Lakini hakulala. Usingizi ulimkataa tangu tulipohamia ndani.

"Ni kuta," akaniambia. "Mu mbao nilikuwa nasikia kila mutu anapita. Humu mutu anaweza kugonga mupaka achoke, hatutamusikia."

"Nitafungua dirisha."

"Dirisha linaangalia nyuma."

Aliuza sambaza, samaki wadogo anaowachukua asubuhi Kituku, kando ya ziwa. Zamani meza yake ilikuwa mbele yetu. Sasa barabara ilikuwa inachimbwa, na siku moja aliibeba meza akaenda nayo Mugunga, akaiweka mbele ya ile nyumba. Balagizi hakumfukuza. Mwanzoni alirudi kila jioni. Kisha mvua ikamzuia mara moja, mke wa Balagizi akampa godoro. Kisha hakukuwa na mvua, na hakurudi.

Nilimfuata mara ya kwanza kwa hasira. Nilimkuta amekaa kwenye kile kipande cha jiwe, beseni la sambaza mbele yake, mlango wa njano nyuma yake. Alionekana kama mtu aliye kwake. Nikarudi peke yangu.

Achille alikuja kuhakikisha ujenzi umefuata plan. Alipima, akapiga kuta kwa kiganja, akasifu.

"Na mama?"

"Yuko Mugunga."

"Atarudi lini?"

Nikamwonyesha karatasi yake, aendelee. Alibakiwa na swali moja la kujaza, idadi ya watu wanaoishi ndani. Akaandika wawili bila kuniuliza, akapiga kashe.

Jumapili iliyopita nilienda Mugunga na mkebe wa rangi, kwa sababu jua na vumbi la malori vimeumeza mlango. Uwimbabazi akanishikia mkebe.

"Hii haiko njano yake," akasema.

"Ni yake. Ikikauka utaona."

"Ongeza."

Nikaongeza. Basi dogo lililotoka Sake likasimama ng'ambo, watu wakaanza kushuka. Akaacha kunitazama. Alitazama uso mmoja mmoja, hadi wa mwisho, hadi basi likaondoka tupu. Kisha akanigeukia kana kwamba hakuna kilichopita.

"Umesahau chini," akasema. "Pale anashikaka akifungua."

Munezero, kama yuko hai, ananifikia kifuani sasa. Sikumwambia. Nilipiga magoti, nikapaka chini.